Vituo vya maji vijijini vipimwe kwa saa za huduma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa maji vijijini, hasa namna tunavyowahesabu watu waliofikiwa na huduma hiyo. Kila mara bajeti ya Wizara ya Maji inaposomwa bungeni tunaelezwa asilimia ya wakazi wa vijijini wanaopata maji safi na salama, na lengo lililotajwa kwa miaka mingi lilikuwa asilimia 85 ifikapo 2025. Sina ugomvi na lengo hilo, wala sibezi kazi iliyofanyika; mwenye macho ameona mabomba yakifika mahali ambapo wazazi wetu hawakuyatarajia. Ninachohoji ni kipimo chenyewe.

Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka kiwango cha kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250, kisichozidi mita 400 kutoka kwenye makazi yao, na lita 25 kwa kila mtu kwa siku. Hesabu inayofanywa kwa msingi huo humwona mwananchi kuwa amefikiwa pale kituo kinapokuwepo na kinafanya kazi, lakini haisemi kinafanya kazi kwa muda gani.

Tupige hesabu kidogo. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250 kwa siku, yaani takriban ndoo 313 za lita 20. Kituo cha mtaani kwetu, katika kijiji kilichoko magharibi mwa Dodoma, kina koki mbili, na presha ikiwa nzuri ndoo moja hujaa kwa dakika mbili hivi. Ili kila mtu apate lita zake 25, koki zote mbili hazina budi kutoa maji mfululizo kwa zaidi ya saa tano, pasipo mtu kusuuza ndoo wala kugombea foleni. Kwetu maji hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kukatika saa tatu, kwa kuwa tenki moja dogo linahudumia vituo vyote vya kijiji na pampu ya umeme wa jua huchukua mchana kutwa kulijaza tena. Siku za mawingu hata hizo saa tatu hazitimii. Kwa koki mbili, saa tatu ni ndoo 180. Wenye ndoo 133 zilizobaki hurudi korongoni kufukua mchanga, au humngoja mwenye mkokoteni wa punda awauzie kwa bei aipendayo, na bado katika takwimu wote hao wamefikiwa.

Anayetaka kuliona jambo hili na aje kituoni kabla ya adhana ya alfajiri. Atakuta madumu yamepangwa tangu usiku, mengine yamefungwa kitambaa chekundu au kipande cha kanga kwenye mshikio ili mwenyewe alitambue lake. Wengi wanaotumwa kuyasogeza ni watoto wenye sare za shule, ambao kengele ikilia huondoka na kuliacha dumu mikononi mwa jirani. Na hapo sijataja ng'ombe. Mkoa huu ni wa wafugaji, lakini lita 25 za sera ni za binadamu peke yake. Mahali pasipo birika la kunyweshea mifugo, mifugo hunyweshwa maji hayo hayo.

Fedha nazo zinafuata saa. Tunalipa shilingi 50 kwa ndoo, ambayo ni sawa na shilingi 2,500 kwa uniti ya lita 1,000, bei inayowazidi wengi wenye bomba ndani ya nyumba mjini. Kituo kinachouza ndoo 180 kinakusanya shilingi 9,000 kwa siku, ilhali kingeuza ndoo 313 kingekusanya shilingi 15,650. Katika hizo chache atoke mhudumu wa kituo, mlinzi wa paneli, fundi na akiba ya kununulia pampu nyingine siku hii itakapoungua. Huduma ikiwa fupi mapato hupungua, mapato yakipungua matengenezo huahirishwa, na matengenezo yakiahirishwa huduma huzidi kuwa fupi. Mradi unaweza kufa taratibu kwa namna hiyo huku ukiendelea kuhesabiwa kuwa hai.

Nchi yetu imeshapita njia hii. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400, na mwaka 1991 ulipofika lengo lilikuwa bado mbali, kwa sehemu kubwa kwa sababu mitambo iliyofungwa ilikosa dizeli na vipuri. Uhakiki wa vituo vya maji uliofanyika nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulionyesha kuwa takriban vinne katika kila kumi havikuwa vikitoa maji. Tofauti kati ya kituo kilichokufa na kinachofanya kazi ikajulikana, na hilo lilikuwa jambo la maana. Hatua inayofuata ni kukitofautisha kituo kinachofanya kazi kutwa na kile kinachotoa maji asubuhi tu.

Njia ya kufanya hivyo haihitaji sheria mpya. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na kuvitambua vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. Napendekeza kila chombo kiwe na daftari la kila kituo linaloandikwa saa maji yalipofunguliwa, saa yalipokatika na usomaji wa dira, na muhtasari wake upelekwe wilayani pamoja na taarifa ya mapato. Daftari hilo lisomwe pia mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukutana kila miezi mitatu, lisomwe pamoja na fedha zilizokusanywa na madeni ya taasisi zinazochota bila kulipa, shule na zahanati zikiwemo. Kwa sasa kijijini kwetu tunasomewa jumla ya makusanyo tu, na hakuna awezaye kujua kama jumla hiyo inalingana na maji yaliyotoka.

Namwomba Waziri wa Maji, katika hotuba yake ijayo ya bajeti, aweke pembeni ya asilimia ya waliofikiwa safu moja zaidi kwa kila wilaya: wastani wa saa ambazo vituo vyake hutoa maji kwa siku. Kwa kijiji chetu iandikwe tatu.

Msomaji wenu,
Dodoma.