Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kitengo cha Viza: naomba faili yangu isomwe

Bhuj, Wilaya ya Kachchh, Gujarat
5 Septemba 2025

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Viza,
Ubalozi wa nchi mojawapo ya Schengen,
New Delhi

Mheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zangu kwako, nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizoiandikia ofisi yako mwezi Agosti hazikujibiwa, na kwa sababu Jumatatu wiki hii tarishi aliniletea pasipoti yangu ndani ya bahasha ya plastiki, pamoja na karatasi yenye visanduku vya kutiwa alama. Kisanduku kilichotiwa alama kinasema kwamba kuna shaka ya msingi kuhusu nia yangu ya kuondoka katika nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kabla viza haijaisha muda. Chini yake pana nafasi ya maelezo, nayo imeachwa tupu. Jina la nchi yako sitalitaja hapa, kwa kuwa sina ugomvi na wananchi wake.

Huenda ukashangaa kuona barua ya Kiswahili ikitoka Gujarat. Nilizaliwa Mombasa mwaka 1957, katika Mji wa Kale, na Kiswahili ndiyo lugha ninayozungumza na dada yangu hadi leo tukipigiana simu, ingawa yeye yuko Leicester, Uingereza, na mimi niko Bhuj. Nyumbani tulisema Kikachchhi na wazazi, lakini siri zetu wawili zilikuwa za Kiswahili. Naandika pia kwa lugha hii kwa sababu najua Mombasa, Dar es Salaam na Kampala wako wengi waliosimama mbele ya dirisha kama lile nililosimama mimi, wakarudi nyumbani na karatasi kama yangu.

Dada ndiye sababu ya safari yote. Mwanzoni mwa 1968, siku chache kabla Bunge la London halijapitisha sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza kuingia huko watakavyo, shangazi alimchukua akaondoka naye kwa haraka, yeye akiwa na miaka 15 na mimi 11. Sisi tuliobaki tulirudi Kachchh mwaka 1976, nami nikasajiliwa raia wa India. Tulizaliwa na mama mmoja na tukalala kitanda kimoja kwa miaka 11, lakini leo yeye akitaka kuja nchini kwako kwa siku 90 anapanda ndege na kuonyesha pasipoti tu, na mimi nikitaka kukaa huko siku 12 natakiwa nithibitishe kwa karatasi kwamba sina nia mbaya.

Jikoni kwetu Mombasa palikuwa na kalenda ya ukutani yenye picha ya ziwa na mlima wenye theluji, na mlima huo uko nchini kwako. Mama hakuibandua hata mwaka wake ulipokwisha. Tulikuwa tukisimama chini yake joto la Februari likituunguza, na dada akaniahidi kwamba tutakwenda pamoja. Mume wangu alipofariki miaka miwili iliyopita, na dada akaambiwa na daktari kwamba moyo wake utahitaji upasuaji, tuliona kwamba ahadi ile haiwezi kuendelea kungoja. Safari ndefu ya kuja India amekatazwa, ila ndege ya saa mbili ameruhusiwa. Tukakubaliana tuonane kule kule penye ziwa, kuanzia tarehe 8 hadi 19 Septemba.

Sasa nikueleze niliyoyapitia, maana sidhani kama faili yangu inayaonyesha. Miadi pekee ilinichukua wiki tano. Mwanangu alikuwa akifungua tovuti ya kampuni inayopokea maombi kwa niaba yenu saa sita za usiku na tena alfajiri, akikuta kalenda nyekundu tupu, huku dalali mmoja hapa mjini akituambia kwamba nafasi zipo, za rupia elfu sita kila mtu. Sijui nafasi hizo yeye alizipata vipi. Huenda kuna watu wanaozikamata kwa kompyuta mara tu zinapofunguliwa kisha wanaziuza, na kama ndivyo, ofisi yako ina wajibu wa kulijua jambo hilo kuliko mimi. Tulikataa kumlipa, na tukaipata nafasi yetu wenyewe ya tarehe 22 Julai, Ahmedabad, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwangu. Nilisafiri usiku kucha kwa basi.

Pale dirishani nilikabidhi ritani za kodi za miaka mitatu, taarifa ya benki ya miezi sita yenye muhuri kila ukurasa, hati ya nyumba, leseni ya duka, bima ya safari ya euro 30,000 kama Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya inavyotaka, tiketi ya kwenda na kurudi, malipo ya hoteli ya usiku wote, barua ya dada na nakala ya pasipoti yake. Nilikabidhi hata cheti cha kifo cha mume wangu. Kisha ikaja zamu ya alama za vidole. Mheshimiwa, mimi ni mfungaji wa bandhani, kitambaa kinachofungwa mafundo madogo kama mbegu za mtama kwa uzi kabla ya kutiwa rangi, na baada ya miaka 40 ya kazi hiyo ncha za vidole vyangu zimekuwa laini kama kioo. Mashine ilivikataa mara tatu. Binti aliyenihudumia, ambaye namshukuru, alinipangusa vidole kwa kitambaa chenye maji mpaka vikasomeka, huku watu waliokuwa nyuma yangu wakilalamika. Niliona haya kama mtu aliyekamatwa.

Ada ya viza ni euro 90 tangu Juni 2024, ambayo ni zaidi ya rupia elfu nane, na juu yake kuna ada ya kampuni ile, bima, basi na tarishi. Fedha hizo hazirudi mtu akikataliwa. Nilijua hivyo tangu mwanzo na nikalipa, kwa kuamini kwamba ninalipia mtu wa kuzisoma karatasi zangu.

Naomba nikukumbushe mambo mawili ambayo upande wenu mliyaandika wenyewe. Kanuni ya Viza, namba 810 ya mwaka 2009, inasema ombi lijibiwe ndani ya siku 15, na kwamba siku zinaweza kufika 45 pale tu ombi linapohitaji kuchunguzwa zaidi. Langu lilichukua siku 41. Kama lilichunguzwa kwa siku zote hizo, kwa nini sikupigiwa simu hata mara moja, na kwa nini sehemu ya maelezo ni tupu? La pili ni tangazo la Aprili 2024, Tume ya Ulaya ilipoahidi kuwapunguzia Wahindi usumbufu kwa kuwapa viza ya miaka miwili ya kuingia mara nyingi. Magazeti yetu yalishangilia. Lakini nafuu hiyo ni ya mtu ambaye ndani ya miaka mitatu amekwisha kupata viza mbili na kuzitumia ipasavyo, na sisi tunaoomba ya kwanza tumeachwa pale pale tulipokuwa.

Sasa nije kwenye neno lililoniuma, kwamba huenda nisirudi. Asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001 tetemeko la ardhi liliuangusha mji huu wa Bhuj na kuua maelfu ya watu katika Kachchh. Duka letu lilianguka na nusu ya nyumba ikaanguka. Nilikuwa na miaka 43, nilikuwa na dada Uingereza aliyekuwa akilia kwenye simu akinisihi nimfuate, na hapakuwa na mtu duniani ambaye angenilaumu kama ningekwenda. Nilibaki. Tulilala chini ya turubai miezi saba, na nyumba niliyomo sasa tuliijenga upya kutoka msingini kwa mikono yetu na mkopo tulioulipa kwa miaka 12. Mwaka 2014 nilikwenda Uingereza kwa dada kwa wiki sita, na muhuri wa kurudi India umo katika pasipoti yangu ya zamani, ambayo pia niliikabidhi. Mtu ambaye hakuikimbia Bhuj ilipokuwa kifusi ataikimbiaje leo, akiwa na miaka 68, na duka lililosimama, na wanawake 14 wanaofunga mafundo kwa ajili yake, na wajukuu watatu wanaomsubiri jioni?

Nimejaribu kukisia kosa langu. Labda ni kwa kuwa mimi ni mjane ninayesafiri peke yangu. Labda ni zile laki nne ambazo mwanangu aliziingiza katika akaunti yangu wiki tatu kabla ya miadi, zikaonekana kama fedha za kuazima ili nipendeze mbele yenu, ilhali ni sehemu yangu ya mauzo ya msimu wa harusi, na kama ningeulizwa ningeleta daftari. Labda ni Wahindi wenzangu waliokwenda wakajificha, nami nabebeshwa mzigo wao. Usiku nakesha nikizigeuza labda hizi, na hakuna hata moja ninayoweza kuijibu, kwa sababu sikuambiwa. Mpwa wangu ambaye ni wakili amenieleza kwamba Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika hukumu ya Desemba 2013, ilisema shaka ya afisa ipimwe kwa hali ya nchi anakoishi mwombaji pamoja na hali ya mwombaji mwenyewe. Naona hali ya nchi yangu mmeipima. Hali yangu mimi mmeipima wapi?

Najua ninayo haki ya kukata rufaa. Lakini rufaa hiyo inataka lugha nisiyoijua na wakili nisiyemudu gharama yake, na muda ambao dada hana. Najua pia kwamba kukataliwa huku kumeingizwa katika mfumo unaosomwa na nchi zote 29 za Schengen, na kwamba kunaweza kukaa humo miaka mitano, ili kila afisa nitakayemwendea baadaye aanze kwa kunishuku.

Dada atapanda ndege Jumatatu ijayo kama ilivyopangwa, kwa kuwa tiketi yake hairudishiwi fedha. Juzi aliniambia kwa simu kwamba atakaa mbele ya ziwa lile na kunielezea kila anachokiona, kisha akanyamaza, nami nikanyamaza. Upasuaji wake ni katikati ya Novemba.

Siombi upendeleo, wala siombi kanuni ibadilishwe kwa ajili yangu. Naomba faili yangu ifunguliwe tena na mtu aisome, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya mwisho wa Oktoba, na kama kuna karatasi inayotiliwa shaka niambiwe ni ipi ili niieleze. Kama bado jibu litakuwa hapana, iandikwe sababu katika ile nafasi iliyoachwa tupu. Dada yuko tayari kurudi ziwani mara ya pili, wiki yoyote kabla ya upasuaji. Pasipoti ninayo, alama za vidole vyangu mnazo, na mkiniita Ahmedabad leo nitapanda basi usiku huu huu.

Wako kwa heshima,
Mwombaji, Bhuj