Barua kwa mwanangu anayechagua chembe sahani

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Nyumbani sote wazima, na baba yako anakusalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaona kwamba uliloniuliza si la kujibu kwa ujumbe wa simu. Unasema umepata nafasi katika maabara inayochunguza chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoshikana kuziba jeraha ili damu isiendelee kutoka, ambazo sisi kazini tumezoea kuziita plateleti, na kwamba mjomba wako anakuuliza kwa nini mtu aliyesomea udaktari miaka yote hiyo awaache wagonjwa wodini akajifungie na kitu ambacho jicho halikioni. Mjomba wako anakupenda na swali lake ni la haki. Nitalijibu kwa yale niliyoyaona mimi mwenyewe maabara, na kwa maisha ya mtu mmoja ambaye nimekuwa nikiyasoma kwa muda mrefu.

Nianze na kosa langu, ambalo sijawahi kukusimulia. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa kazi. Asubuhi moja ililetwa damu ya mama aliyekuwa akisubiri kupasuliwa uvimbe wa kizazi, katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na mashine ikahesabu plateleti 19,000 katika mikrolita moja, wakati mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 400,000 hivi. Nikaandika jibu, nikalipeleka. Upasuaji ukaahirishwa, ndugu zake wakaanza kutafutwa watoe damu, na mama yule akalala siku tatu akiamini kwamba damu yake imeharibika. Siku ya tatu, dada mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi aliniuliza kama mgonjwa ana vidoa vyekundu kwenye ngozi, au kama fizi zake zinatoka damu. Hakuwa na chochote. Akaniuliza tena: “Slaidi umeitazama?” Sikuwa nimekitazama kile kipande cha kioo kilichopakwa damu yake. Tulipoiweka chini ya hadubini na kuisogeza hadi kwenye ukingo, pale damu inapokuwa nyembamba, plateleti zilikuwa tele, ila zilikuwa zimekumbatiana mafungu mafungu, na mashine ilikuwa imeyapita mafungu yale bila kuyahesabu. Dawa iliyomo kichupani ya kuzuia damu isigande ndiyo iliyozikusanya, jambo linalotokea kwa watu wachache. Tukatoa damu upya katika kichupa cha sitreti, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitreti, na hesabu ikaja zaidi ya 200,000. Nilikwenda wodini mwenyewe kumwomba radhi.

Tangu siku ile sijaacha kujiuliza ni nini kinachozifanya zikumbatiane, na ni nini kinachozizuia zisikumbatiane saa zote ndani ya mishipa yetu. Hilo ndilo swali alilolishughulikia Gustav Born kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Alizaliwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1921, mtoto wa Max Born, mwanafizikia ambaye baadaye, mwaka 1954, alipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1933 utawala wa Kinazi ulimwondoa baba huyo katika kazi yake ya uprofesa kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, na familia ikahamia Uingereza. Kijana akasomea udaktari Edinburgh, akahitimu mwaka 1943 wakati vita vimepamba moto, akaingia jeshini kama daktari. Baada ya vita alipelekwa Japani, na kule Hiroshima aliona watu walionusurika mlipuko wa bomu lakini wakawa wanatokwa damu isiyozuilika, kwa kuwa mionzi ilikuwa imeharibu uboho wa mifupa yao, na uboho ndimo plateleti zinamozaliwa. Plateleti moja huishi siku 7 hadi 10 tu, kwa hiyo uboho ukifa, akiba iliyomo mwilini haichukui muda kuisha. Nakuomba umweleze mjomba wako habari hii, aone kwamba swali la maabara lilianzia kwa watu wanaovuja damu mbele ya macho ya daktari kijana.

Kufikia miaka ya 1960 Born alikuwa profesa wa famakolojia, yaani elimu ya dawa, katika Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji, London. Mwaka 1961 watafiti wa Norwei walikuwa wameonyesha kwamba adenosini difosfeti, ADP kwa kifupi, kitu kinachotoka katika chembe nyekundu, ndiyo inayozifanya plateleti zishikamane. Tatizo likawa kipimo. Watu walizihesabu plateleti kabla, wakazihesabu tena baadaye, na yaliyotokea katikati hakuna aliyeyaona.

Alichokifanya Born nakieleza kwa kirefu kwa sababu utakifanya wewe pia. Damu yenye sitreti huzungushwa taratibu katika mashine hadi chembe nyekundu zizame na juu ibaki plazima, yaani maji ya damu, iliyojaa plateleti. Plazima hiyo ina ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Yeye aliiweka katika kichupa kwenye joto la nyuzi 37, akaikoroga mfululizo, akapitisha mwanga upande mmoja na kuupima upande wa pili. Ukidondoshea ADP, plateleti hukusanyika, ukungu hutawanyika, mwanga hupenya kwa wingi zaidi, na kalamu ya mashine huchora mstari unaopanda. ADP ikiwa kidogo, mstari hupanda kisha hushuka, yaani plateleti zimeshikana, halafu zimeachana. Makala yake ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1962. Kwangu mimi uzuri wa kazi ile uko hapo kwenye mstari kurudi chini, kwa maana ulionyesha kwamba kushikana kunaweza kutenguliwa, na kitu kinachoweza kutenguliwa kinaweza kutafutiwa dawa.

Dawa zilipatikana. Mwaka 1971 mtafiti wa dawa John Vane alionyesha jinsi aspirini inavyofanya kazi, na kwa kuwa plateleti haina kiini cha kuiwezesha kutengeneza upya kimeng’enya kilichozimwa, ile iliyoguswa na aspirini hubaki hivyo hadi mwisho wa uhai wake. Mwaka 1988 yalitolewa matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na shambulio la moyo, ambalo mara nyingi huletwa na plateleti kushikamana na kuziba mshipa wa moyo, na aspirini peke yake ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika wiki tano za mwanzo. Klopidogreli nayo huziba mlango ambao ADP huupitia kuiamsha plateleti, na chembe ya urithi ya mlango huo ilitambuliwa mwaka 2001. Hesabu mwenyewe: tangu kalamu ile ichore mstari wake hadi mlango ujulikane, ilipita miaka 39. Born aliishi akauona mwaka huo. Alifariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 96.

Sitakuficha ugumu wake. Plateleti ni kiumbe chenye hasira za karibu. Ukikaza mpira wa mkono kupita kiasi wakati wa kutoa damu, au ukikitikisa kichupa kwa nguvu, huamka kabla hujaanza kazi. Baada ya saa 4 hivi plazima yako haifai tena. Na mchangiaji aliyemeza aspirini wiki hiyo hiyo akasahau kukuambia atakuharibia siku nzima. Kuna miezi utakayorudi nyumbani bila hata mstari mmoja wa kuonyesha.

Lakini mjomba wako anapouliza faida, mimi nakumbuka simu nilizopiga usiku nikitafuta plateleti za mtoto mwenye saratani ya damu na kujibiwa kwamba hakuna. Chembe nyekundu zikiwekwa kwenye jokofu hufika siku 35 na zaidi. Mfuko wa plateleti hukaa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24, ukitikiswa pole pole mchana na usiku, na kwa kawaida baada ya siku 5 hutupwa, kwa sababu katika joto hilo bakteria nao hustawi. Ukiziweka kwenye baridi, mwili wa mgonjwa huziondoa upesi. Kwa hospitali iliyo mbali na benki ya damu, siku 5 ni chache mno, na atakayeziongeza atakuwa amewatibu wagonjwa wengi kuliko daktari yeyote wa wodi ninayemfahamu. Kazi ya namna hiyo ningependa ifanywe na mtoto wangu.

Basi nenda. Siku ya kwanza mwombe msimamizi wako akuruhusu kudondoshea ADP katika plazima isiyokorogwa, kisha katika ile inayokorogwa. Ile ya kwanza mstari utabaki umelala karibu pale pale, kwa kuwa plateleti hazikutani. Uniandikie usiku huo huo ulichokiona katika ile ya pili.

Mama yako