Vifo vya Kampala vihesabiwe kwa umri

Mhariri,

Mwezi uliopita tulimsindikiza jirani yetu hapa Kisenyi. Jeneza lilipakiwa garini alfajiri, akazikwa kwao Arua. Aliishi Kampala na kufia Kampala, lakini hakuna aliyekwenda kukisajili kifo chake. Kwa jiji, ni kama bado yu hai.

Naumia, kwa sababu bila kumbukumbu hizo hatuwezi kutengeneza jedwali la uhai, yaani hesabu ya hatari ya kufa kwa kila umri. Kugawa vifo kwa idadi ya wakazi hakutoshi. Kampala imejaa vijana waliokuja kutafuta riziki, na vijana hufa kwa uchache, hivyo jiji litaonekana lina afya kuliko wilaya yenye wazee wengi, hata kama sivyo. Jedwali la uhai huchukua watoto 100,000 wa kufikirika, likawapitisha katika hatari ya kufa ya kila umri, na kuonyesha wangapi wangefika miaka 5, 40 au 70. Ukilinganisha majedwali ya miaka 2 tofauti, unaona nani wamepata nafuu: watoto wachanga, akina mama, au madereva wa boda boda. Mwanafalaki Mwingereza Edmond Halley alitengeneza jedwali la mji wa Breslau (leo Wrocław, Poland) mwaka 1693, kwa kumbukumbu za uzazi na vifo tu!

Idadi ya walio hai tunayo, kutoka sensa ya 2024. Wenyeviti wa LC1, baraza la ngazi ya mtaa, wanajua kila msiba wa mtaani. Wapewe daftari, waandike umri, jinsia na makazi ya marehemu kabla gari halijaondoka.

Mkazi wa Kisenyi,
Kampala