Kihamba kisiuzwe

Mama, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Ada ya Neema nimetuma yote. Ile hela aliyoomba mdogo wangu Deo situmi. Naomba umsomee barua hii mpaka mwisho, na baba wadogo wawepo.

Deo, nimesikia umepata mteja wa kile kipande cha chini cha kihamba, shamba letu la ukoo, kwenye kahawa. Eti vijana wameondoka wote, nani atalima. Sasa sikiliza ninakoishi.

Bibi ninayemtunza huku Italia anakaa Bagnoregio, lakini alizaliwa Civita, kijiji cha ng'ambo ya bonde, juu ya kilima. Waetruski, watu wa kale wa huku, walikianzisha zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Juu ni mwamba wa majivu ya volkano, chini yake ni udongo wa mfinyanzi. Mvua na vijito vinaula ule udongo, mwamba unakosa pa kukalia, unameguka na nyumba zake. Tetemeko la mwaka 1695 liliwahamisha wengi, hata askofu akahamia huku Bagnoregio.

Mama, Mtakatifu Bonaventura kwao ni pale pale! Nyumba yao ilishaporomokea bondeni, ila mkono wake umehifadhiwa kwenye kanisa kuu. Na sikukuu yake, Julai 15, somo la kwanza nililisoma mimi, kwa Kiitaliano, kanisa limejaa. Baada ya Misa wazee walipanga foleni kunipa mkono. Waambie WAWATA wote, wanawake wenzako Wakatoliki.

Leo wanaokaa Civita mwaka mzima hawafiki 20. Wanakiita mji unaokufa. Gari haliingii, unapanda kwa daraja la miguu lililojengwa mwaka 1965, na tangu 2013 mgeni analipa kiingilio. Wanalipa, Deo, tena kwa maelfu, waone nyumba za mawe na uwanja mdogo wa kanisa ambavyo wenyewe waliviacha. Nyumba ya kina Bibi kaka zake waliwauzia watu wa Roma, wanaokuja Agosti tu. Nikimpeleka anasimama nje, anawaonyesha watalii dirisha la jiko la mama yake. Ndani hawezi kuingia. Siku hiyo nilikukasirikia wewe, mdogo wangu, kuliko siku zote.

Wale ardhi yao inaanguka yenyewe. Yetu inaanguka wapi? Baba amelala pale mgombani. Wewe kitinda mimba uliachiwa nyumba uilinde. Najua mtasema mtoto wa kike hana neno kwenye kihamba. Bati zilipoezekwa kwa hela yangu, na tanki la maji lilipoletwa, mbona hakuna aliyenikumbusha kuwa mimi ni mtoto wa kike?

Kama tatizo ni kulima, nitamlipa kijana wa kupalilia. Mibuni iliyochoka ing'olewe, tupande miche ya TaCRI, wale watafiti wa kahawa, kutoka Lyamungu. Hela hiyo itapitia kwa Mama, si kwako.

Mimi ni mzima. Baridi imeanza, tuiache. Juzi nilipata ndizi mbichi sokoni nikapika mtori, Bibi akaomba tena, lakini mimi nililia, Mama. Haukuwa na harufu ya nyumbani hata kidogo.

Baba mdogo apite mpakani mwenyewe kabla ya Jumapili, aangalie kama masale, ile mimea ya mpaka aliyopanda Babu, yapo yote. Likikosekana hata moja, nipigieni usiku huo huo.