Ripota anayelipwa kwa kila habari naye ni mfanyakazi

Mhariri,

Kafyu ya kuzuia Covid-19 ilipoanza nchini Kenya tarehe 27 Machi 2020, wanahabari tuliorodheshwa miongoni mwa watoa huduma muhimu walioruhusiwa kutembea usiku. Kwa sisi tunaolipwa kwa kila habari inayochapishwa, heshima hiyo haikuandamana na ulinzi wowote. Matatu ya abiria 14 ilipolazimika kubeba 8, nauli ilipanda, na ripota aliyetoka mtaa wa Umoja kwenda Hospitali ya Mbagathi kufuatilia hali ya wagonjwa alijilipia nauli hiyo, akajinunulia barakoa, na habari yake ilipokosa nafasi gazetini, hasara yote ikawa yake. Akiwekwa karantini, siku 14 zilipita bila kipato.

Sikatai kwamba vyombo vya habari viliumia. Matangazo ya biashara yalipungua, mauzo ya magazeti yakashuka, na madeni ya matangazo ya serikali yakazidi kuvilemea. Ndiyo maana wengi walikubali kukatwa mishahara kwa maelezo kwamba hatua hiyo ilikuwa ya muda. Kinachoniuma ni kwamba Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya Covid-19 Mei 2023, lakini masharti ya wakati wa dharura yangali yanatumika katika vyumba vya habari. Nafasi za walioachishwa kazi wakati huo zimejazwa na watu wa kandarasi fupi, baadhi yao wakiwa wale wale walioachishwa, ambao sasa wanafanya kazi ile ile bila bima ya afya wala likizo.

Sheria ya Ajira ya 2007 haikunyamaza kuhusu jambo hili. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua anayefanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, na kifungu cha 40 kinampa anayepunguzwa kazini malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Waajiri hukwepa haki hizo kwa kutuita wakandarasi huru, hata tunapopangiwa zamu, kutumwa na mhariri na kuwekewa saa ya mwisho ya kuwasilisha habari kama mwajiriwa mwingine yeyote.

Hasara hii humfikia msomaji pia. Ripota asiye na nauli ya kurudi mjini ni rahisi kupokea bahasha ya pesa ya mwanasiasa ambaye ripota huyo ametumwa kuandika habari zake, na habari itakayotoka hapo si ya kuaminika.

Naiomba Wizara ya Leba iwatume wakaguzi wake katika vyumba vya habari vya Nairobi, wakague orodha za zamu pamoja na mikataba, na kila aliyepangiwa zamu mwezi hadi mwezi apewe mkataba wa ajira na bima.

Mwanahabari wa kujitegemea,
Nairobi