Kabla sijasaini mkataba wa mali

Mhariri,

Mwezi ujao ninaolewa hapa Tandahimba, na mchumba wangu ameniletea karatasi mbili zilizopigwa chapa, zinazosema kwamba mikorosho aliyorithi kwa baba yake itabaki yake peke yake daima. Mama mkubwa ameliona jambo hilo kuwa uchuro. Mimi sikubaliani naye, maana hata mahari hupangwa mbele ya wazee kabla ya ndoa.

Kinachonizuia ni neno "daima". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, tayari inasema kuwa ndoa haihamishi umiliki wa mali ya mtu, isipokuwa wahusika wakikubaliana vinginevyo, lakini kifungu cha 114 kinaruhusu mahakama kugawa hata mali iliyotangulia ndoa, endapo imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi mwingine au kwa juhudi za wote wawili. Mikorosho haizai vizuri bila palizi, kupogolewa na kupuliziwa salfa (dawa ya unga ya kuzuia ukungu), na kazi hiyo nitaifanya, kama nilivyoifanya shambani kwa mama hadi vumbi la salfa likagoma kutoka kwenye kitenge. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali hata kazi za nyumbani kuwa mchango wa mke katika mali ya ndoa.

Nimemrudishia karatasi bila sahihi, nikamwomba aongeze aya kuhusu jasho langu. Akiiongeza, nitasaini. Nawaomba wanasheria wa mkoa wetu watuandikie humu namna aya hiyo inavyopaswa kusomeka.

Msomaji wako,
Tandahimba, Mtwara