Barua ya wazi kwa Spika wa Seneti kuhusu kiti cha gavana

Kwa Mheshimiwa Spika wa Seneti,
Majengo ya Bunge, Nairobi.

KUH: GAVANA ALIYEZUIWA, NAIBU ASIYEKUWEPO

Mheshimiwa Spika,

Ninauza viatu vya mtumba Gikomba na ni mpiga kura wa Nairobi. Aprili 2020, korona ilipoanza kutubana, sisi wa laini yetu tuliandika barua kuomba maji ya kunawia mikono karibu na vibanda. Mwenzetu mmoja aliizungusha siku tisa. Ofisi ya kwanza ilimwambia kazi hiyo imehamishwa, ya pili ikamwambia haijahamishwa. Barua ikarudi na mihuri miwili, na chini yake mstari wa nukta pale sahihi ilipotakiwa kukaa. Tulichanga tukanunua mapipa. Barua ile ningali nayo, imekunjwa ndani ya daftari langu la madeni.

Kaunti yetu wakati huo ilikuwa hivi. Naibu gavana Polycarp Igathe alikuwa amejiuzulu Januari 2018, na nafasi yake ikakaa tupu miaka mitatu. Desemba 2019 Gavana Mike Sonko alishtakiwa, na mahakama ikamzuia kuingia ofisini kesi ikiendelea. Februari 2020 alitia sahihi mkataba wa kukabidhi Serikali ya Kitaifa majukumu manne, afya ikiwemo. Machi, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Meja Jenerali Mohamed Badi akapewa NMS, ile ofisi ya Serikali ya Kitaifa ya kuendesha majukumu hayo, aiongoze. Gavana alikuwa hai, cheo anacho, ofisini haruhusiwi. Wa kumkaimu hakuwepo.

Nimesoma Kifungu cha 182 cha Katiba mara nyingi kuliko nilivyodhani nitasoma sheria maishani. Gavana akifa, akijiuzulu au akiondolewa, naibu anachukua kiti. Naibu naye asipokuwepo, Spika wa bunge la kaunti anakaimu, na uchaguzi unafanywa ndani ya siku 60. Kifungu cha 179 kinasema gavana asipokuwepo, naibu anakaimu. Lakini gavana aliye hai, ambaye kiti chake hakijawa wazi, akizuiwa na mahakama au akilazwa hospitali ng'ambo miezi mitatu huku hana naibu, ni nani anayetia sahihi? Hapo Katiba imenyamaza, na sisi tuliishi ndani ya kimya hicho mwaka mzima, tena mwaka wa gonjwa.

Mnyororo huu wa kurithi kiti ukiwa mzima unafanya kazi. Nyeri ilizika magavana wawili mwaka 2017, Nderitu Gachagua Februari na Wahome Gakuru Novemba. Bomet ilimpoteza Joyce Laboso Julai 2019. Kila mara naibu aliapishwa na kazi ikaendelea, hata watu wakiwa bado na matanga.

Kwetu haikuwa hivyo. Seneti ilipomwondoa Sonko tarehe 17 Desemba 2020, Spika wa bunge la kaunti, Benson Mutura, aliapishwa kukaimu, na tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza uchaguzi mdogo wa tarehe 18 Februari 2021. Mahakama Kuu ikausimamisha. Kabla ya tarehe hiyo kufika, bunge la kaunti lilimpitisha Ann Kananu kuwa naibu gavana, aliyekuwa ameteuliwa mwaka mmoja nyuma na gavana aliyekwisha kuondolewa. Novemba 2021 akawa gavana kamili. Simlaumu yeye, na sibishani na majaji. Ila nilikuwa nimeshatoa kitambulisho changu kabatini nikikingoja kituo cha kupigia kura.

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilishauri gavana ateue naibu ndani ya siku 14 na bunge la kaunti liamue ndani ya siku 60. Nafasi ya Igathe ilikaa tupu hata baada ya ushauri huo.

Kwa hiyo ninakuomba, Mheshimiwa, Seneti ilete mswada wa kurekebisha Katiba wenye mambo matatu. Gavana akishindwa kufika kazini kwa siku zitakazotajwa, awe mgonjwa au amezuiwa, na hana naibu, Spika wa bunge la kaunti akaimu. Gavana asipoteua naibu kwa wakati, pawe na mwingine wa kuteua, na sheria imtaje. Na Spika akishaapishwa kukaimu baada ya kiti kuwa wazi, uchaguzi wa siku 60 usiweze kuzuiwa na uteuzi wa naibu uliofanywa kabla.

Najua jambo linalogusa muundo wa ugatuzi huishia kwenye kura ya maoni. Sawa, na iwe hivyo. Tunapiga kura Agosti 2027, tupeni karatasi moja zaidi siku hiyo hiyo. Wafanyabiashara wenzangu wako tayari kuja mbele ya kamati kutoa maoni, na ile barua ya nukta nitakuja nayo.

Wako mwaminifu,
Mpiga kura, Gikomba